Bei za Chaka

Mtu yeyote aliyelelewa Nyeri anajua kwamba huendi soko la Chaka mwezi wa nne, wakati wa mvua, ukiwa umevaa suruali ya raizoni. Watiri alilelewa Nyeri, kule Giakanja, na hayo aliyajua sana. Miaka minne ya Nairobi ndiyo iliyomsahaulisha. Basi siku ile ya mwaka 1978 alikuwa amesimama katikati ya soko, tope limemfika kwenye vifundo vya miguu, suruali yake ya kahawia iliyopanuka chini imelowa chapachapa, nywele zake za afro zimejaa manyunyu, daftari mkononi. Wanawake wa viazi walikuwa wakimgeuzia mgongo mmoja baada ya mwingine.

"Mama, debe ni pesa ngapi?"

"Unanunua?"

"Hapana, nauliza tu. Naandika."

"Kama hununui, unaandika ya nini?"

Swali zuri hilo, na watu wa chuo hawajalijibu hadi leo. Watiri akajieleza. Yeye ni mwanafunzi, anasomea digrii ya pili ya uchumi, anataka kujua viazi vinauzwaje Chaka, Karatina, Kagio na Nanyuki kwa mwaka mzima. Kadiri alivyoeleza ndivyo akina mama walivyozidi kufunika madebe yao kwa magunia. Huyu ni wa ushuru, wakanong'onezana. Siku hizi wa ushuru wanatuma wasichana wa suruali.

Nyuma yake mtu alicheka. Watiri akageuka kwa hasira, akakutana na mwanamume mrefu aliyekuwa mweupe kwa unga tangu nywele hadi viatu, hata kope.

"Dada, hapo utasimama mpaka Krismasi," alisema.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa kinu, hapo ng'ambo. Naitwa Theuri. Ukiuliza bei na kalamu mkononi, hata mama yangu mzazi hawezi kukuambia. Na mama yangu ni yule wa kitambaa nyekundu, amekunyima sasa hivi."

Watiri alimtazama Wakonyo, mama wa kitambaa chekundu, ambaye alikuwa akitazama milima kana kwamba hajawahi kuiona. Alicheka bila kupenda. Theuri akamwomba daftari, akalificha ndani ya koti, akapita ule mstari wa wanawake huku akitaniana nao, huyu akimpangusa unga, yule akimuuliza ataoa lini. Baada ya dakika kumi alirudi na bei tisa: sita, sita, sita na sumuni, sita, na nyingine hivyo hivyo.

Shida ya Watiri ilikuwa moja tu. Masoko yalikuwa manne na yeye alikuwa mmoja, tena wa Nairobi. Karatina, Kagio na Nanyuki alikuwa amepata walimu wa kumwandikia bei kila siku ya soko. Chaka hakuwa na mtu.

"Kila mmoja nampa shilingi ishirini kwa mwezi," alimwambia Theuri. "Utakubali?"

"Ishirini sitaki."

"Unataka ngapi?"

"Nataka daftari isitumwe kwa posta. Uje uchukue wewe mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Na uvae viatu ya maana."

Basi akawa anakuja. Kila mwisho wa mwezi teksi ya Pijo ya kutoka Nairobi ilimshusha kwenye njia panda, na Theuri alikuwa hapo, ameoga, amevaa koti lake la pekee la kodrai ya kijani, unga umebaki masikioni tu. Waliketi hotelini mbele ya supu na chapati, akafungua daftari akamwonyesha. Mwandiko wake ulikuwa wa mtoto wa shule, safi, hakuna siku iliyorukwa. Siku ya mvua ya mawe alikuwa ameandika pembeni: "Wamama walikuwa watatu tu. Mmoja amelia." Watiri alisoma sentensi ile mara nyingi kuliko kitabu chochote cha uchumi. Kufikia mwezi wa saba hakuwa tena akilifuata daftari, na wote wawili walilijua hilo.

Kila Jumapili Watiri alimpigia Theuri simu. Duka la Marwo, mjane wa Kisomali aliyeuza sukari na vitambaa, ndilo lililokuwa na simu katika mstari ule wa maduka.

"Profesa wa waru," Theuri aliuliza, kwani viazi kwao ni waru, "umekula?"

"Nimekula. Wewe umeoga?"

"Nimeoga kwa sababu ya simu. Nimevaa na koti."

"Marwo anasikiliza?"

"Anapima sukari. Lakini hiyo sukari imepimwa mara tatu sasa."

Sauti ya Marwo ikasikika kwa nyuma: "Mwambie dakika zinakwisha na wewe hujasema neno."

"Neno gani hilo?" Watiri akauliza, na alijua.

Theuri akamgeuzia Marwo mgongo. "Nakupenda, Watiri."

"Sema tena. Laini ni mbaya."

"Laini ni mzuri. Umesikia."

Walikubaliana mambo mawili. Kwanza Watiri amalize digrii. Akishamaliza, Theuri na wazee wake wabebe pombe ya kuomba mchumba waende Giakanja kwa babake, Mwalimu Kingori, mstaafu aliyekuwa amelitangazia kanisa zima kwamba binti yake anasoma mpaka mwisho wa vitabu. Wakonyo alikwishamkubali. Alimlaza Watiri kwake, katika nyumba ya mabati iliyoezekwa na kikundi cha wanawake wa soko, akampa maziwa ya kuganda, na hakumtaja tena kuwa mtu wa ushuru.

Mwaka ukaisha. Watiri akaketi na madaftari manne, na humo ndimo alimokuta ajabu. Karatina, Kagio na Nanyuki bei zilipanda na kushuka pamoja, tisa, kumi, tisa na sumuni. Chaka, iliyo kando ya barabara, haikuvuka sita na nusu mwaka mzima. Kwa nini? Alikosa usingizi, kisha akapata jibu: wenye malori walikuwa wamekula njama kuwakandamiza wanawake wa Chaka. Aliandika sura nzima juu ya jambo hilo. Msimamizi wake, Daktari Wahome, alisoma akainuka kitini. "Hii ndiyo digrii yako," alimwambia. "Nyingine zote ni mapambo."

Siku ya kuitetea kazi yake Watiri alivaa gauni la bluu na mkufu wa mama yake. Mtahini aliyealikwa kutoka nje alikuwa mzee mtaratibu wa suti ya kijivu. Alisifu uandishi, akasifu hesabu, halafu akatoa bahasha.

"Kuna shule moja ya bweni huko kwenu inayonunua viazi Chaka," alisema. "Hizi ni risiti zao. Mwezi wa sita wamenunua debe kwa tisa na sumuni. Siku hiyo hiyo, wewe umeandika sita. Mwezi wa kumi vivyo hivyo. Nimelinganisha siku kumi na nne."

Watiri alizigeuza risiti zile moja moja.

"Nani alikukusanyia bei za Chaka?"

"Mtu wa huko."

"Ulimlipa?"

"Alikataa malipo."

"Alikataa," mzee akarudia, akaandika. "Binti yangu, naona hizi zilipikwa mezani."

Watahini walimpa wiki mbili za kurekebisha kazi. Ufadhili wake ulikuwa umefika ukingoni na nafasi nyingine haikuwepo. Akishindwa, atarudi Giakanja mikono mitupu. Nje, kwenye ujia, Daktari Wahome alimwambia kwa sauti ya chini: "Toa Chaka yote. Masoko matatu yanatosha, utapita. Lakini lazima ueleze. Andika kwamba mkusanyaji alibuni takwimu, na umtaje, ili lawama isiwe yako. Ukisema hujui kilichotokea, watakufelisha."

Hasira ni hasara, na siku hiyo Watiri alikuwa nazo za kutosha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu, akapiga dukani kwa Marwo, Theuri akaitwa.

"Theuri, niambie ukweli. Ulikuwa ukienda sokoni?"

"Kila siku ya soko. Wewe si unajua?"

"Kuna mzee hapa ana risiti. Shule ilinunua kwa tisa na sumuni. Wewe umeandika sita."

"Niliambiwa sita."

"Na nani?"

"Na wote."

"Wote wakudanganye wewe, mtoto wao?"

Opereta aliuliza kama bado wanaongea.

"Watiri, unaniita mwongo?"

"Nakuuliza."

"Hapana. Kuuliza naijua. Hii si kuuliza."

"Basi nieleze zilitoka wapi. Au uliketi kwa kinu ukajaza tu, ukijua nitaamini kila kitu kwa sababu ni wewe?"

"Mimi niliandika ile nilisikia. Zaidi ya hapo sijui."

"Sijui haiwezi kunipa digrii, Theuri."

"Nilidhani tunaongea mambo yetu," alisema polepole. "Kumbe tunaongea digrii." Akarudisha mkono wa simu mahali pake. Marwo, safari hii, hakuwa akipima chochote.

Mtasema, kwa nini Theuri hakwenda kumuuliza mama yake pale pale sokoni? Ni hatua mia moja. Lakini mtu akishaitwa mwongo na mpenzi wake hatafuti mashahidi. Alirudi kinuni akafanya kazi hadi jioni bila kula.

Na Watiri aliandika. Aliandika kwa Kiingereza kizuri, katika ukurasa wa shukrani na maelezo, mistari miwili chini ya jina la babake: takwimu za soko la Chaka zimeondolewa, kwa kuwa imebainika kwamba mkusanyaji, Bwana Theuri wa kinu cha Chaka, alizibuni. Alitia sahihi. Kazi ikajalidiwa kwa jalada jeusi la maandishi ya dhahabu, nakala moja maktabani, moja kwa Daktari Wahome, moja kwake. Akapita.

Siku ya mahafali Mwalimu Kingori alivaa tai aliyooa nayo. Alibeba ile nakala kama Biblia, akarudi nayo Giakanja, na kila mgeni aliyekuja kupongeza alisomewa ukurasa wa kwanza, pale penye jina lake, kisha akatafsiriwa mpaka chini. Wizara ikamwandikia Watiri barua ya kazi: aripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi.

Lakini furaha ilimkataa. Aliamka asubuhi akitaka kumwambia Theuri jambo fulani dogo, la chai au la mvua, akakumbuka. Akala bila ladha. Wiki moja kabla ya kuanza kazi aliamua: atakwenda Chaka amsamehe. Tusimcheke. Aliamini kweli kwamba yeye ndiye wa kusamehe, na kwamba alikuwa anafanya jambo kubwa.

Alivaa sketi ya zambarau na sweta jeupe, akashuka Chaka siku ya soko. Wakonyo hakuwepo, alikuwa amekwenda matanga Naro Moru. Ngendo, rafiki yake, ndiye aliyekuwa akimwangalizia viazi.

"Umepotea, bibi ya Theuri," Ngendo alisema, akampa mikono yote miwili. "Huyo kijana amekonda. Mlikosana?"

"Kidogo, mama." Ili asiendelee kuulizwa, Watiri akasema, "Nataka nimpelekee baba waru. Debe ni ngapi?"

"Sita."

Kando yake alikuwa amesimama mwanamume wa hoteli moja ya Nyeri, magunia mabegani. "Na mimi, mama?"

"Tisa na sumuni," Ngendo akamwambia. Mwanamume akanung'unika, akapunguziwa sumuni, akalipa, akaenda zake.

Watiri alidhani amesikia vibaya. "Mama, zake ni tofauti?"

"Ni gunia moja. Umeona nikichota."

"Mbona mimi umeniambia sita?"

Ngendo akaziba mdomo kwa kiganja, akicheka. "Sasa wewe nikuambie bei ya malori? Mimi na Wakonyo ndio tulianzisha kikundi ya mabati. Nyumba yangu, yeye ndiye alibeba mabati kwa mgongo kutoka barabarani mpaka kwangu. Theuri nimemnyonyesha mama yake akiwa hosipitali. Huyo mtoto akiniuliza waru ni ngapi, nimwambie tisa? Hiyo mdomo itaniuma. Kuna bei ya nyumbani na kuna bei ya watu."

"Lakini hakuwa akinunua." Watiri alitikisa kichwa. "Alikuwa akiandika tu."

"Tulijua anaandika. Alituambia ni ya masomo ya bibi yake." Ngendo akampiga begani kwa upendo. "Hapo ndipo tulimpunguzia hata zaidi. Sote, mstari mzima. Tulisema huyo msichana asije akaona tunamuuzia ghali."

Watiri akaketi juu ya gunia. Miaka miwili alikuwa amesoma habari za bei, amemaliza vitabu vya watu wa Ulaya na Amerika, na hakuna mahali alipofundishwa hili ambalo Ngendo hakuwahi kufundishwa na mtu. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Hakuna, ila yeye mwenyewe, na uongo wake ulikuwa umejalidiwa. Alitamani ardhi immeze. Ngendo alimuuliza kama ana mimba.

Kinu kilikuwa kimezimwa Theuri akibadilisha mkanda. Alipomwona alisimama, akapangusa mikono kwenye koti la kazi. Kweli alikuwa amekonda.

"Karibu. Nilisikia umemaliza. Hongera."

"Theuri, nimetoka kwa Ngendo." Akamweleza yote, haraka haraka, akishikilia mlango. Sita na tisa, gunia moja, bei ya nyumbani.

Theuri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi kwenye kreti akaanza kucheka, taratibu, machozi yakimchora mistari kwenye unga wa mashavu. "Kumbe ni wao," alisema. "Miezi hii yote mimi nalala nikijiuliza, je, niliandika nikiwa na usingizi? Kumbe ni hao wamama. Basi sikuwa mwongo."

"Hukuwa. Nisamehe."

"Nimesamehe. Ulikuwa na hasira, ni shule." Akamshika mkono. "Njoo hapa, profesa. Unajua ile pombe wazee waliniuliza juzi kama bado wanapika? Nikawaambia wangoje. Sasa nitawaambia mwezi wa kumi na mbili. Tutaenda kwa baba yako."

Kwa dakika moja Watiri alikuwa na kila kitu alichokitaka duniani. Angeweza kunyamaza. Lakini kile kitabu kilikuwa Giakanja juu ya meza ya sebuleni.

"Theuri, niliandika jina lako."

"Wapi?"

"Ndani ya kitabu. Mwanzoni. Niliandika kwamba bei za Chaka ulizibuni."

Mkono wake ulibaki pale pale, lakini haukushika tena. "Jina yote?"

"Yote. Na kinu."

"Baba yako amesoma?"

"Amesoma. Anawasomea wageni."

Theuri alitazama sakafu. "Inaweza kutolewa?"

"Lazima niwaandikie chuo kwamba nilikusingizia. Kwamba bei zilikuwa za kweli, ni mimi sikuelewa. Wataketi tena. Digrii wataichukua, na kazi itakwenda nayo."

"Hao sikuulizi watafanya nini. Nakuuliza wewe."

Watiri alimpenda mtu huyu. Sitaki mtu aseme hakumpenda. Lakini alimwona babake na ile tai, akajiona mwenyewe akirudi kulima, akiulizwa njiani digrii imekwenda wapi.

"Nina kazi Jumatatu," alisema.

Theuri akaupangusa mkono wa Watiri unga kwa upindo wa koti, kidole kwa kidole, akauachilia.

"Nipe mwaka mmoja," Watiri akamwomba, sasa akilia. "Nikithibitishwa kazini nitaandika. Naapa."

"Na huo mwaka mimi niitwe nani? Nikifika Giakanja na wazee wangu, baba yako akiuliza jina ya kijana, nitasema nini? Atasema, ni yule? Nitajibu, ndiyo, ni yule." Akatikisa kichwa. "Nenda kazi, Watiri. Mimi sina ubaya na wewe. Lakini huko kwenu siwezi kufika."

Mwanamke mmoja alikuwa ameingia na mahindi mgongoni. Theuri alimtua mzigo, akawasha injini, na kinu kikanguruma. Watiri alimwita mara mbili. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake na hakusikika.

Saa kumi na moja jioni alikuwa Giakanja. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni, watu wa kanisa, na Mwalimu Kingori alikuwa amevaa miwani yake. Watiri alichukua birika akaanza kumimina chai. Alimsikia babake akifungua jalada, akisoma jina lake mwenyewe, akatulia ili wageni wafurahi, akaendelea mpaka mistari miwili chini.

"Wah," akasema mama mmoja mnene karibu na dirisha. "Mtu mzima anabuni vitu vya masomo ya mtoto wa watu. Huyo Theuri ni mtu wa namna gani?"

Wote wakamgeukia Watiri. Babake pia alimtazama juu ya miwani, akingoja.

"Simjui sana," alisema Watiri, akamwongezea mgeni chai.